Kumrudisha Shemeji Kutoka Pepa

Wewe unayenisikiliza, usiwe na haraka. Jambo hili linaeleweka vizuri likianzia mahali pake, na mahali pake ni juu ya magunia ya viazi, nyuma ya kamioneti, asubuhi ya baridi kule Pepa. Nilikuwa nimekaa huko juu, mimi mke wa karani wa reli, nimevaa koti la mume wangu, nafasi yangu ya mbele imepewa shati.

Nitakueleza. Ulikuwa mwaka wa tatu baada ya uhuru, wakati wa kiangazi. Mume wangu alipata likizo yake ya kwanza tangu barabara zianze kupitika tena, na rafiki yake wa bandarini akatuazima kamioneti yake ndogo ya mizigo. Tulitoka Kalemie, mji ambao wakati ule vibao bado viliuita Albertville, tukapanda milima ya Marungu hadi Pepa kumtembelea mjomba wake anayechunga ng'ombe. Tulikunywa maziwa, tukaota moto, tukatembea ndani ya ukungu kama watu wasio na shida yoyote. Mama mkwe alikuja nasi. Tulidhani amekuja kumsalimu kaka yake.

Siku ya kurudi ndipo alipofungua kifurushi chake, akatoa shati jeupe la kitindamimba wake, akalitandika kwenye kiti cha mbele, upande wa mlango.

Shemeji yangu huyo alikuwa shoferi wa malori yaliyoteremsha viazi na maharage kutoka milimani hadi ziwani. Katika miezi ile mibaya ya vita iliyofuata uhuru, vijana waliosimamisha magari kwa mti uliolazwa barabarani walimsimamisha na yeye, chini ya mteremko. Lori lilionekana. Yeye hakuonekana. Mfanyabiashara mmoja aliyepita siku hiyo alituambia alichokiona, naye hakuwa mtu wa kubuni maneno. Lakini hatukupata mwili wala kaburi, na mama mkwe alikataa matanga. Kwao, matanga ya mtu hayafanyiki kabla mwenyewe hajarudi nyumbani. Kwa hiyo hakunyoa nywele, hakulia mbele ya watu, na sisi hatukuthubutu kumtaja shemeji kama mtu aliye hai wala kama mtu aliyekufa. Alikuwa katikati, nasi tulikaa naye hapo katikati, tukila na kulala.

"Muntu mwenye kufia mu njia hajue tena njia," mama mkwe alituambia pale kando ya gari. "Anabakia pale pale. Njo maana nilikuya. Mimi nilimuzaa, mimi njo atasikia."

Mume wangu alilitazama shati. "Na bibi yangu, Mama, atakaa wapi?"

"Atapanda juu ya viazi."

"Baridi iko mingi, Mama."

"Viazi navyo viko mu baridi, havijalalamika."

Nilicheka, nikapanda. Kisha akatupa masharti, polepole, kama anavyofundishwa mtoto kuwasha moto. Tusigombane ndani ya gari. Tukifika kwenye maji yoyote, hata kijito, tusimame kwanza, yeye amwambie, ndipo tuvuke, kwa sababu aliyekufa hivyo husimama kwenye maji na hawezi kuvuka peke yake. Na mlango wa upande wa shati usifunguliwe bila yeye mama kushika mkono wa shati.

Tuliteremka. Kule chini nyasi zilikuwa zimechomwa, ardhi yote nyeusi pande mbili za barabara, na majivu yaliinuka nyuma yetu yakabaki yananing'inia hewani. Mahali penyewe hapakuwa na alama. Mama mkwe alisema tu, "Simama," na mume wangu akasimama, kwani na yeye alipajua.

Mama alishuka, akafungua mlango. Alimwita mwanawe kwa jina la nyumbani, lile la utotoni, ambalo sitalitaja hapa.

"Ni mimi mama yako. Panda, twende kwetu."

Akangoja. Aliacha muda kama ule anaouchukua mtu mrefu kuinama na kuingiza miguu yake, kisha akaufunga mlango taratibu, bila kuubamiza. Akazunguka na kuingia kwa upande wa mume wangu, akakaa katikati. Kioo cha nyuma cha kamioneti kilikuwa kimetoka zamani, hivyo niliona na kusikia yote. Sisemi kwamba niliona mtu. Niliona mume wangu akiitazama mikono yake juu ya usukani, halafu akisogea kidogo kuelekea dirisha lake, kama unavyowapisha waliobanana.

Kwenye mto wa kwanza mama alisema, "Mwanangu, hapa iko maji. Tunavuka wote. Usiogope." Kwenye mto wa pili, ule wa upande wa Mpala, nilimsikia mume wangu naye akinong'ona.

Barieri, kile kizuizi cha barabarani, tuliikuta baadaye. Safari hii walikuwa askari wa serikali, wenye heshima, waliokagua viazi vyetu na kutusifia. Lakini mkubwa wao alimsukuma mbele askari kijana mwenye mfuko begani. "Mumubebe huyu mupaka karibu na kambi." Siku zile hakuna aliyejibu hapana. Kijana akafungua mlango. Mama mkwe aliwahi kuukamata mkono wa shati. Kijana akakaa.

"Baba," mama akamwambia kwa upole, "unakalia muntu."

"Mimi naona shati, Mama."

"Basi inuka kidogo, umupakate."

Kijana alicheka, akainuka, naye mama akamtandikia shati juu ya magoti. Walikwenda hivyo kitambo. Kisha akauliza ni la nani, mama akamwambia yote, bila kupaza sauti. Kijana alivua kofia yake. Hakucheka tena. Tulipokaribia kijito kingine, yeye ndiye aliyesema, "Mama, maji ile pale."

Mama mkwe hakuwa amelala usiku uliotangulia. Jua la mchana likamshinda, kichwa kikaangukia bega la mume wangu, na mkono wake ukaliachia shati. Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo penyewe.

Tulifika kwenye uwanda mtupu, kijana akagonga bati la mlango. Kambi yake ilikuwa nyuma ya kilima, angetembea. Alilikunja shati vizuri, akaliweka kitini, akashuka na mfuko wake. Mume wangu alimwegemeza mama kwenye kiti, naye akashuka. Alimsindikiza mgeni. Ndivyo alivyolelewa; hata mtu aliyekuja nyumbani kwetu kudai kitu, mume wangu alimtoa hadi njiani. Walitembea bega kwa bega wakizungumza, mlango nyuma yao ukiwa wazi. Wakapeana mikono. Mume wangu akarudi peke yake, akaufunga mlango, akawasha gari. Kwenye magunia yangu mimi niliwaza tu kwamba nimeolewa na mtu mwenye adabu.

Kwenye maji yaliyofuata alisimama. Mama aliamka.

"Mama, tuko ku maji."

Mama alilishika shati, akaligeuza, akaliweka tena kitini. "Mugeni alishuka?"

"Alishuka."

"Nani alifungua mulango?"

"Yeye mwenyewe. Nikamusindikiza kidogo."

Maji yalikuwa madogo, nilisikia yakipita kwenye mawe.

"Ukisindikiza mugeni wewe mukubwa," mama akasema, "mudogo wako alibakia mu nyumba siku gani? Hata akiwa mudogo kabisa alikuwa anakufuata, anashika suruali yako. Wewe ulirudi. Yeye umemuacha na mugeni."

Mume wangu alilitazama jua, lililokuwa limeanza kuinama. Barieri ya kuingilia mjini ilifungwa jua likizama, na waliokutwa nje walilala nje. Mafuta yalikuwa ya kutufikisha, na ziada kidogo kwenye bidoni, dumu letu la akiba.

"Mama, tutakosa barieri."

"Tutaikosa."

"Na kama hayuko pale?"

"Basi nitajua hayuko. Lakini sitafika kwangu na shati tupu."

Mume wangu aligeuza gari. Niliitazama ardhi ile nyeusi ikirudi upande usiokuwa wake, na kila kisiki kilichosimama kilinifanya nikaze macho. Moyoni niliogopa mambo mawili kwa pamoja: kwamba tutakuta mahali patupu, na kwamba hatutakuta patupu.

Kijana yule alikuwa bado pale. Hakuwa ametembea hata kidogo kuelekea kilimani. Alisimama kando ya barabara, mfuko miguuni, kofia mkononi, ametupa kisogo, na alipotusikia hakugeuka mara moja. Mume wangu akamwendea.

"Hukuenda, ndugu?"

"Sikuweza, Papa." Sauti yake ilikuwa ya chini. "Ulirudi kwa gari, lakini sikubakia peke yangu. Nikitembea, kunatembea. Nikisimama, kunasimama. Nikaona si vizuri nimupeleke ku kambi. Kule hana muntu."

Mama mkwe alishuka na shati mkononi. Hakumwendea mwanawe kwanza. Alimwendea askari, akamshika shavu. "Aksanti, baba. Ulimuchunga muzuri. Usimuogope, alikuwa mutoto wa kucheka." Kisha akamwita yule wake kwa lile jina la nyumbani, akafungua mlango, akangoja ule muda wa mtu mrefu, akaufunga. Mume wangu hakumsindikiza askari. Aliketi kwenye usukani, akampungia mkono kupitia dirishani, na nikaona machozi yakimshuka. Kijana alivaa kofia, akapanda kilima upesi, bila kutazama nyuma.

Barieri tuliipata ikiwa inafungwa, na walituruhusu kupita kwa sababu ya viazi tulivyowapa. Tulipofika nyumbani, mama mkwe alishika mkono wa shati, akaniambia nifungue mlango wa gari, kisha akamwambia mume wangu atangulie ndani bila kugeuka. Alitangulia. Aliingia sebuleni, akapita hadi chumba walicholala wote wawili utotoni, na mama nyuma yake, na kati yao kulikuwa na nafasi ambayo mimi, hadi leo, sijui kama ilikuwa tupu. Nilisubiri nje hadi walipoingia wote.

Asubuhi mama mkwe aliniita nimnyoe. Alilia, kwa sauti, mlango wazi, na majirani wa reli na wa bandarini wakaanza kuja na mikeka. Matanga yalifanyika. Shemeji akawa mtu aliyekufa, ambaye tunaweza kumtaja.

Nimekueleza yote haya kwa sababu barabara bado zinawabakisha watu, na huenda siku moja na wewe ukaenda kumchukua wako. Utaweza, si kazi ngumu, inataka utulivu tu. Na kama kuna mgeni atakayeshuka njiani, muage ukiwa umekaa kitini, ufunge mlango, kisha uendelee na safari.