Choo Kilichofunga Shule

Siku ya kwanza kazini, Kitale, Mkaguzi Mkuu wa Shule hakuniuliza kama najua gari. Aliniuliza kama najua kunyamaza. Nilikuwa dereva mpya wa ofisi ya elimu, na masomo yangu mwenyewe yaliishia darasa la saba. Nikajibu ndiyo, ingawa sikuwa na hakika.

“Mzazi akiripoti kwamba shule si salama, usiwahi kusimamisha gari kwake,” akasema. “Nambari za serikali zinaonekana kutoka mbali. Ukipaki mlangoni kwa mtu, umemtaja.”

Ndivyo tulivyofanya kazi miaka hiyo ya elfu mbili. Ripoti ikija juu ya shule moja, tulikagua na za jirani, ili aliyeripoti asijulikane: madirisha yenye vyuma, mabweni yanayofungwa kwa nje, vyoo vinavyotitia. Nyinyi vijana mtasema ni kupoteza mafuta. Pengine mko sawa.

Baadaye nikahamishiwa Bungoma, chini ya Mkaguzi wa Wilaya, mama tuliyemwita Madam. Wakati huo kule mlimani kulikuwa kumeharibika, vijana wameshika bunduki na kutawala vijiji. Siku moja akaingia mzee mmoja, mkulima wa kule mlimani, juu ya Sirisia, akakataa kiti. Alisema vijana hao walikuwa wanaingia shuleni mchana. Binti yake Nafula, wa darasa la saba, walikuwa wamemwuliza baba yake hulala wapi.

“Nataka ahame, Madam. Shule ya hapa Bungoma imekubali kumpokea.”

Kuhama kulikuwa na ngazi zake. Mwalimu mkuu anayepokea anatia sahihi, halafu yule anayeachwa, halafu ofisi inagonga muhuri. Ilibaki sahihi ya huko juu.

Tulikagua shule mbili za njiani kwanza, ndipo tukafika shuleni kwa Nafula. Mwalimu Mkuu alikuwa mtu mwembamba, shati limepigwa pasi. Aliisoma karatasi akairudisha.

“Nikimwachilia huyu peke yake, kesho wataniuliza nani ameenda. Watamfuata babake.”

“Na asipoenda?” Madam akauliza.

“Watamwuliza yeye tena.”

Nilikuwa nimesimama mlangoni, na moyoni nikamwita mwoga. Lakini lazima niseme pia kwamba pikipiki yake ilikuwa pale nje na alikuwa na ndugu Kitale. Mwoga angekuwa ameshaenda.

“Hamisheni darasa lote,” akasema.

“Mwalimu, sheria inahamisha mtoto. Haihamishi darasa.”

Akafikiri kidogo. “Basi njoo uone choo chetu.”

Sakafu ilikuwa imepasuka. Kusema haki, nimeona vyoo vibaya kuliko hicho na shule zikiendelea. Lakini ufa ulikuwepo, na mguu wa mtoto ungepita. Madam alichutama akautazama kwa muda. Aliposimama aliandika kwamba shule imefungwa kwa hatari ya choo, na madarasa ya juu yatasomea Bungoma kama wageni. Wadogo, ambao wasingeweza safari hiyo, wangengoja nyumbani. Hakutaja mtoto wala mzazi.

Tukishuka, kijana mwenye bunduki akatoka kwenye mahindi, akasimamisha gari.

“Niaje, mzee. Ati mmefunga shule yetu? Nani amewaita?”

Madam ndiye aliyejibu.

“Ni choo. Nenda ukakione.”

“Mimi? Niende kuangalia choo?”

“Si unasema shule ni yenu? Nenda.”

Alichukua ufunguo wa gari, akapanda juu. Tulingoja garini. Nilikuwa nawaza kwamba akiuona ufa ni mdogo, ataanza kutafuta aliyeripoti, na mzee yule hana mahali pa kukimbilia. Nilisikia hatua zake kabla sijamwona. Alikuwa ameziba pua.

“Hapo hata mimi siwezi kuingia, bana,” akasema, akanirushia ufunguo.

Watoto wa madarasa ya juu wakashuka Bungoma na Mwalimu Mkuu wao, Nafula akiwa kati yao. Wazazi nao wakaanza kushuka mmoja mmoja, wakisema wanafuata watoto. Lakini vijana wale hawakuwa wajinga. Waliwalazimisha wanaume waliobaki kuchimba choo kipya, kizuri kweli, ili shule ifunguliwe. Habari ilipotufikia, Mwalimu Mkuu aliwatilia sahihi za kuhama wote ambao wazazi wao walitaka. Kisha akaniomba nimpeleke Sirisia.

“Mwalimu, si ubaki tu huku?” nikamwambia njiani.

“Wale wadogo wako juu, na choo wanacho. Nani atawafundisha, dereva, wewe?”

Alicheka. Akashuka Sirisia na boksi la chaki, akafunga boksi hilo kwenye baiskeli ya kukodi.

Sasa nimestaafu, na madereva wa siku hizi wakinitembelea huniuliza kama kufunga ile shule kulikuwa haki. Sijui. Karatasi za kuhama zilikuwa za watoto. Ya kumhamisha mwalimu siku hiyo hatukuwa nayo, na sikumbuki mmoja wetu akiuliza. Nafula alimaliza shule, hilo nalijua kwa sababu babake alikuja kutuambia. Mwalimu Mkuu sikumwona tena. Sijasikia mtu akisema kwamba alikufa, kwa hivyo hata mimi sisemi.