Dawa Inayopenda Mafuta

Sijaisahau ile siku ya chumba cha upasuaji Tororo, mwanangu, na jana umenirudisha pale pale kwa hasira. Umeniambia dawa ya usingizi mliyoizoea, halothani, imekwisha, imeletwa nyingine, isofluren, nawe utaweka mshale wa mashine ya kupimia dawa palepale ulipozoea kwa sababu "namba ni namba tu, Mzee." Nimestaafu, magoti yananiuma, na bado nausikia ujinga wangu mwenyewe ukitoka kinywani mwa mtoto aliyesoma kunishinda!

Nilikuwa kijana kama wewe, nikiwalaza wagonjwa usingizi kwa etha, dawa ya enzi zetu. Niliijua etha kuliko nilivyomjua mke wangu. Inataka kutumiwa kwa wingi, kwa hiyo mshale nilikuwa nausogeza mbali bila wasiwasi. Etha ikaisha, ikaletwa halothani kutoka Busia, upande wa Kenya. Nikaimimina kwenye mashine ileile ya etha, nikasogeza mshale hadi palepale. Sikumuuliza mtu. Niulize nini, na mimi ndiye fundi?

Mezani alilala mama wa Nagongera, mkulima wa mihogo, mwenye uvimbe tumboni. Mumewe alikuwa akibeba abiria kwa baiskeli siku za soko, na alimleta kwa baiskeli hiyohiyo, akiwa amemfungia mto kwenye kiti cha nyuma.

Dakika chache tu, mapigo yakaanza kupotea chini ya vidole vyangu. Midomo yake ikabadilika rangi. Nikaganda kama mjinga. Mzee Owori, mkubwa wangu wa kazi, akaingia, akanusa hewa, akanisukuma pembeni.

"Funga! Wewe naua mama ya watu!"

Akafunga mwenyewe, akampa hewa safi kwa kubana mfuko wa hewa wa mashine taratibu, mpaka mapigo yakarudi. Mungu alimhurumia yule mama, maana mimi akili sikuwa nayo.

Upasuaji ulipokwisha, Mzee Owori akanivuta hadi jikoni kwa mpishi wa hospitali, kofia ya upasuaji ingali kichwani, akaniwekea mbele kikombe cha mafuta ya kupikia.

"Hii dawa mpya napenda mafuta sana. Etha napenda kidogo. Hii napenda sana, wewe natia kidogo tu. Nasikia?"

"Nasikia, Mzee."

"Hapana. Nyinyi vijana nasikia na mdomo."

Ndiyo kanuni yenyewe, mwanangu, na darasani mmefundishwa! Seli za ubongo zimezungukwa na utando wenye mafuta. Dawa inayoyeyuka kwa urahisi katika mafuta humlaza mtu kwa kiasi kidogo. Isiyoyeyuka sana hutaka kiasi kikubwa. Wataalamu wa leo wanasema kuna mengine zaidi ya mafuta, protini na kadhalika. Sawa, wabishane, kanuni ile bado inakusaidia kukadiria. Na tafadhali usiniulize tena kama mafuta yanayosemwa ni ya kitambi cha mgonjwa! Isofluren haiyapendi mafuta sana kama halothani inavyoyapenda, kwa hiyo kwa namba yako ileile mgonjwa angeweza kuamka kisu kikiwa tumboni.

Yule mume alinishukuru kwa mikono miwili, akanipa kuku. Nami nikampokea, mwanangu. Hakujua kilichotokea, na mimi sikuwa na ujasiri wa kumwambia. Aibu hiyo ninayo hadi leo. Mkewe alipozinduka, neno lake la kwanza lilikuwa, "Baiskeli iko wapi?"

Basi chupa ikibadilika, sahau mazoea. Soma jina lake, uliza inapenda mafuta kiasi gani, uitie katika mashine yake yenyewe, anza na kiasi cha chini, kidole chako kisiondoke kwenye mapigo. Na usipojua, uliza, hata kama anayejua ni mzee mkali kama mimi. Mwenyezi Mungu akupe utulivu na masikio ya kusikia kweli, na kila unayemlaza aamke akiulizia baiskeli yake.