Bakuli Lenye Makunyanzi
Siku ya kwanza Walenty kumwona, mbunifu mpya wa kiwanda alikuwa ameinamia pipa la vioo vilivyokataliwa, akichambua kama anayechagua viazi sokoni. Walenty alikuwa fundi wa mashine ya kukandamiza vioo. Kila asubuhi mabakuli ya mwanzo yalitoka na makunyanzi kwa kuwa kalibu, chuma cha kuyaumbia, ilikuwa bado baridi, akayatupa yakayeyushwe upya. Mama yule mbunifu aliyapapasa kwa kidole gumba kilichofungwa plasta, akasema kwa sauti yake ya mikwaruzo, "Haya ndiyo ninayoyataka. Yote yawe hivi."

"Lakini Mama, haya ni makosa!"

"Basi yakosee vizuri."

Miaka yote iliyofuata alibaki yule yule: anaacha glasi ya chai juu ya mashine, anafungua dirisha ili kalibu ipoe, anamrudisha fundi mzima kwenye uanagenzi. Maduka ya jiji la Warszawa yaliyagombania makunyanzi hayo, lakini Walenty aliona aibu kuyaita kazi yake. Siku mama huyo alipostaafu, Walenty alimtengenezea bakuli laini kama maji ya kisima, angalau aondoke akijua fundi ni nani. Mama akaligeuza kwenye mwanga, akapitisha kidole, akaguna.

"Limekufa hili, Bwana Walenty. Lirudie, nakusubiri."