Fuko na Kasiksi ya Baba

Mtu asiniambie kwamba fuko ni mnyama kipofu asiye na kosa. Nimeshaambiwa hivyo, na aliyeniambia alikuwa ameketi mbele ya nyumba yake, viazi vyake vimestawi. Mimi nilikuwa nimesimama nimeburuta mgomba, mgomba mzima na mkungu wake mbichi, ulioanguka asubuhi bila upepo wowote. Nilipoinama kutazama mizizi sikuiona. Palikuwa na shimo laini, safi, kama sufuria iliyokombwa na watoto.

Ulikuwa mgomba wa baba. Hilo nalisema mapema, maana wenzangu wa soko la Kamembe, ninakouza vitenge, walinicheka nilipowasimulia. Mmoja aliniuliza kama siku hizi nalilia ndizi. Nikamwambia ndiyo, nalilia ndizi, na kama ana la kuongeza aongeze.

Sisi tulizaliwa Bukavu, ng'ambo ya mto wa mpakani. Tuliporudi huku kwa asili yetu, baba alipewa na ukoo wake kipande cha mteremko huko Gashonga, na kitu cha kwanza alichofanya, kabla hata ya kuchimba choo, ni kupanda migomba ya pombe upande wa chini. Mama alimgombeza wiki nzima. Baba akamjibu kwamba ana mabinti wawili, na wakwe hawapokelewi kwa maji ya bomba. Siku yangu ya kuolewa ilipofika, kasiksi, pombe ya ndizi, ilitoka kwenye migomba hiyo. Aliikamua mwenyewe, akaionja mwenyewe mbele ya wageni, kama inavyotakiwa, ili waone haina kitu kibaya, ndipo akampa baba mkwe wangu. Nakumbuka alivyojifuta mdomo kwa kiganja na kutabasamu, mtu ambaye hakuwa wa kutabasamu ovyo.

Kisha akafariki, na mdogo wangu alikuwa bado shuleni.

Kwa hiyo mwaka huu, wakwe wa mdogo wangu walipotuma habari kwamba watakuja Jumamosi fulani, mama alikuwa na neno moja tu. Soda mtanunua, bia ya chupa mtanunua, hema mtakodi, vyote fanyeni mnavyotaka. Lakini kasiksi itatoka kwenye migomba ya baba yenu. Hakulisema kwa ukali. Alilisema akichambua maharage, bila kuinua macho, na mimi namjua mama. Akisema hivyo hakuna wa kumgeuza.

Ndipo fuko wakaanza.

Kwanza vilima vya udongo mbichi, kimoja hapa, kingine pale. Halafu mihogo ikaanza kunyauka, ukiuvuta mti unakuja na kisiki kilichotafunwa. Halafu migomba. Kila nilipopanda kutoka Kamembe kwa pikipiki nilikuta mwingine umelala. Nilimwaga maji kwenye mashimo mpaka mgongo ukakataa kunyooka, yakaenda sijui wapi. Niliunguza pilipili na matambara, nikakohoa mimi. Nilitega mtego wa kijiti kilichopindwa na kamba, ule wanaoutega watu wote huku, na nilipoufungua nilikuta fuko ameujazia udongo, ameushindilia vizuri, kamba yangu iko katikati. Nilikaa chini pale pale na gauni langu la sokoni, nikamtukana kwa Kiswahili, kwa Mashi, kwa Kinyarwanda. Kifaransa nilikiacha kwa sababu hakina matusi ya kutosha.

Sasa jirani. Huyu mzee wa shamba la chini ndiye aliyeniambia kwamba fuko hana kosa. Alikuwa amezungushia shamba lake ule mti wa majani ya kijivu, ambao wavuvi wa zamani walikuwa wakiuponda kulewesha samaki. Fuko hawapendi mizizi yake, ndivyo wanavyosema wote. Na alikuwa ameupanda hasa kwenye mpaka wetu, safu nene, iliyonyooka. Nilipoiangalia siku ile nikiwa na mgomba miguuni, niliona picha nzima. Amewafukuza kwake, akawaleta kwetu.

"Mzee," nikamwambia, "hizi fuko ni zako. Umezituma kwetu."

"Maman, fuko haiko na mwenyewe," akasema. "Wewe panda mti kama mimi. Nitakupa mbegu."

"Mbegu itaota lini? Bakwe banakuja mwezi huu."

"Basi ungepanda zamani."

Akacheka kidogo. Labda hakuwa na ubaya, lakini nilimchukia. Nilimchukia yeye, mti wake, viazi vyake na kiti alichokalia. Nilirudi juu nikamwambia mama kwamba nitaung'oa ule ua wote kwa mikono yangu. Mama akaniambia nikae chini ninywe uji.

Ikabaki mikungu michache. Tukaikata mapema kabla haijaangushwa, na mama akasema sasa tuivundike. Kwetu ndizi za pombe huzikwa. Unachimba shimo, unalitandika majani ya migomba, unapanga chane, unafunika kwa majani na udongo, kisha pembeni unaacha mfereji mdogo wa kuwashia moto wa majani makavu. Moshi unaingia, joto linabaki ndani, na baada ya siku chache ndizi zinatoka njano na laini, tayari kukamuliwa. Kila kitu ni hilo joto. Likitoka, huna ndizi.

Nikashika jembe nianze kuchimba karibu na jiko, penye ardhi ngumu. Mama akanishika mkono.

"Hapana. Kule chini. Njo pale baba yako alikuwa anachimbaka."

"Mama, kule chini fuko bamemaliza udongo."

"Njo pale," akasema tena, ndipo pale na si pengine.

Shimo la baba lilikuwa bado linaonekana, limebonyea kidogo katikati ya migomba iliyobaki. Siku zote alivundika pale pale. Nilichimba. Udongo ulikuwa laini, jembe liliingia kama kwenye ugali, na mama akafurahi, akasema unaona, ardhi inamkumbuka. Nilijua kwa nini ilikuwa laini, na nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nimechoka kugombana na kila mtu, mwenye miguu miwili na mwenye minne.

Tukapanga chane, tukafunika, mama akapiga magoti akawasha moto. Akapuliza, moshi ukaingia. Nikakaa kungoja uanze kuvuja kwenye majani, kama kawaida, ili nipajue pa kuziba. Haukuvuja mahali popote. Mama alipuliza, moshi ulikwenda wote, na shimo lilibaki baridi. Niliweka kiganja juu ya udongo. Baridi.

Ndipo tukasikia sauti ya mzee kule chini.

"Maman! Shamba langu linaungua!"

Nilikimbia. Alikuwa amesimama katikati ya viazi vyake na kofia mkononi. Moshi wetu ulikuwa umepita kwenye njia za fuko ukatokea kwake: kwenye shina la ua wake, chini kabisa ya ule mti ambao fuko hawaupendi, kisha katikati ya viazi, kisha karibu na ukuta wa jiko lake, nyuzi nyeupe zikipanda taratibu. Fuko hawakuwa wamefukuzwa hata siku moja. Walilala kwake, wakala kwetu na kwake pia. Viazi vyake vilikuwa na majani mazuri, na alipovuta shina moja mbele yangu lilitoka na mizizi tu, bila kiazi.

Kama ni mimi wa siku nyingine ningecheka mpaka nianguke. Siku ile hasira ilinipanda mpaka masikioni.

"Mti wako, Mzee," nikasema. "Mti wako mzuri."

Alivaa kofia yake, akachukua jembe, akaanza kuziba. Tuliziba naye mashimo mpaka jioni, yeye kwake, mimi kwetu. Tukiziba hapa moshi unatokea pale. Mama alibaki kwenye mfereji, anapuliza, macho mekundu, leso imemlegea kichwani. Nilimwambia aache. Nilimwambia mara nyingi, mara ya mwisho nikipiga kelele, jambo ambalo sikuwahi kumfanyia. Akaendelea kupuliza.

Kesho yake mvua ilinyesha na fuko akasukuma udongo wa baridi ndani ya shimo, kama vile shimo lilichimbwa kwa ajili yake. Tulipofunua baada ya siku chache, chane za upande wa moto zilikuwa zimeiva. Zingine zote zilikuwa kijani, ngumu, nyingine zimeoza kwa unyevu bila kuiva. Mdogo wangu, aliyekuwa amekuja kutoka Nyakabuye anakofundisha, alizitazama akasema si kitu, tutanunua. Nilitaka kumzaba kofi. Yeye ndiye anayeolewa.

Mzee wa chini alikuja na mikungu miwili begani, iliyoiva vizuri, akaiweka mlangoni. Alikuwa ameinunua, nadhani, maana migomba yake ni ya kupika. Mama alimshukuru sana, akampa kiti, akampa chai. Kisha akamwambia ndizi hizo tutawapa wageni wale, lakini kasiksi hapana.

"Mama, nani atajua?" nikasema mzee alipoondoka.

"Mimi."

"Watu wote watakunywa. Ndizi ni ndizi."

"Siyo mambo ya kunywa," akasema. Akageuka kunitazama, na macho yake bado yalikuwa mekundu kwa moshi. "Nani wa kwetu atakaa mbele ya bale bantu na kutoa mtoto? Mimi ni mwanamke. Baba mdogo wenu hajui hata jina lote la huyu mtoto. Nilitaka baba yake awe na kitu pale."

Nilitoka nje nikapiga vilima vya fuko kwa jembe, kimoja kimoja, mpaka mpini ukalegea. Hapo ndipo nilipojua kwamba hasira yangu haikuwa ya migomba. Nilimkasirikia baba kwa kufa.

Zile chane chache tulizikamua kwa majani makali, mama na mimi, kwenye beseni moja. Tukatia unga wa mtama wa kukaangwa, tukangoja. Ikatoka jagi moja, halikujaa hata robo.

Jumamosi hema lilijaa. Bia za chupa zilikuwepo, soda zilikuwepo, mzee wa chini alikuwepo na koti lake, amekaa nyuma kabisa. Wasemaji walisema, wakataniana, wakanyimana mtoto na kupeana kama desturi. Wakati wa kasiksi ulipofika, baba mdogo alitaka kusimama aonje. Mama akamwekea mkono begani. Akasimama yeye. Palikuwa na minong'ono. Akamimina kidogo, akaonja mbele ya watu wote, akajifuta mdomo kwa kiganja. Kisha akamjazia baba mkwe wa mdogo wangu gilasi.

Baba mkwe akanywa polepole. Niliona akisita kidogo katikati, maana ilikuwa na ladha ya moshi, moshi mwingi.

"Kasiksi ya namna hii sijainywa tangu nikiwa kijana," akasema. "Nani ameitengeneza?"

"Mwenye nyumba," mama akajibu.

Mkwe akatazama viti vya upande wetu, kimoja baada ya kingine, anamtafuta. Hakuna aliyemsaidia. Mdogo wangu, chini ya vitambaa vyake, alikuwa ameinamisha kichwa, anafuta machozi. Kisha baba mkwe akaelewa kwamba mama amemtaja marehemu. Akavua kofia, akaiweka magotini, akamaliza gilasi mpaka chini, akainyoosha kwa mama kwa mikono miwili, aongezewe.

Mama akalichukua jagi, akaliinamisha. Likatoa tone moja, na halikutoa tena.