Mstari wa Juu

Nakumbuka mchana mmoja ofisini kwangu mtaa wa Xiaobei, nilipomgombeza Salma mbele ya watu. Leo nasema wazi: mjinga nilikuwa mimi.

Mwanangu, nilikuwa mjane, mgeni Guangzhou, nauza kanga ninazobuni mwenyewe. Siku ilikuwa inaisha bila mtu kuniita mama. Nikaweka waifai ya bure. Watu wakaja na simu zao, wakajaa kwenye kochi langu, "Shikamoo mama," nami nachemsha chai. Walifuata intaneti, nilijua. Lakini hata aliyefuata intaneti husema shikamoo.

Salma ni binti wa mdogo wangu, fundi wa mitandao, kasoma kuliko ukoo mzima. Aliiandikia ruta yangu, kile kisanduku cha waifai, orodha: nani apite, nani azuiwe, asifike wapi. Mimi nasoma kwa kufuata herufi na kidole. Mstari wa juu nikasoma, "Wageni: kataa." Nikawaka. Akanieleza kwa upole kuwa intaneti wageni wanapata, wanachozuiliwa ni kuifikia kompyuta yangu ya michoro ya kanga tu. Sikutaka kusikia. Nimezaliwa nyumba ya "karibu mgeni", mimi simfungii mtu. Nikamwamuru aandike juu kabisa: ruhusu wote.

"Mama mkubwa," akasema, "mashine inaanza kusoma juu. Ikikuta mstari unaomhusu mtu, inautii, haiendelei. Ukianza na ruhusu wote, yote ya chini ni mapambo."

"Basi na yapambe," nikamjibu. Kochi zima likacheka, nikajiona bingwa.

Mwezi haukuisha. Nilikuwa soko la nguo la Zhanqian natafuta mashati, nikaiona imetundikwa kanga ya Idi ambayo mimi hata kiwandani sijaipeleka. Maua yangu, pindo langu, maneno yangu. Na "mahaba" imeandikwa "mahamba", vilevile nilivyokosea mimi kwenye kompyuta. Kosa lile duniani lilikuwa la mtu mmoja. Muuzaji akasema kontena limeshaondoka kwenda Dar, na jina la mwenye mzigo akalitaja: dada mmoja wa pale kochini kwangu, aliyekuwa akiniuliza kila siku kama nimekula. Biashara yangu ya Idi ikawa imekwisha.

Salma akaurudisha mstari wake juu, hakunicheka. Intaneti ya wageni haikuguswa. Aliyebadilika ni mimi. Kila aliyetoa simu nilimkodolea macho kama askari. Wakapungua, wakaisha. Birika zima la chai nikawa nalimaliza peke yangu, na mpaka leo nalimaliza peke yangu.

Kwa hiyo sikiliza, mwanangu. Kwenye ruta au moyoni, andika mapema mtu asifike wapi, na uandike juu, kabla ya karibu yako. Sebuleni akae atakavyo. Anayekupenda hatanuna kwa kutofika chumbani. Usisubiri uumizwe kwanza, maana mtu aliyeumizwa haandiki orodha, anafunga mlango wote na kubaki ndani.

Mungu akujalie watu wa kukupigia hodi, akupe na akili ya kujua wa kumketisha wapi. Amina.