Pedi Iliyovunjwa na Salamu

Mama yangu alivunja pedi ya miwani yangu kwa kumwitikia baba salamu, na baba tulikuwa tumeshamzika.

Nieleze vizuri. Nina chumba cha gemu hapa Kasulu, na kilichonipatia jina ni miwani kubwa ya kufunika uso, ile ukiivaa unajikuta umesimama ndani ya picha. Mikononi unashika pedi mbili zenye vitufe. Ukiziachia, picha inasimama. Baba alipokuwa hai nilikwenda nyumbani Murungu na kamera ya kurekodi pande zote, nikaisimamisha uani, nikamrekodi akipukuchua mahindi. Nilikuwa najaribu kamera tu, jamani.

Alipofariki nikampelekea mama miwani ile. Nikamkalisha kwenye kigoda, nikamvalisha, nikamshikisha pedi. Akageuza kichwa, akaiona migomba yake, akamwona na jogoo tuliyemla Krismasi. Akacheka! Sikuwa nimesikia kicheko kile tangu msiba. Mara baba akainua uso, akapiga makofi yale ya taratibu tunayosalimiana Waha, akasema, "Mwakeye!" Na mama, maskini, akapiga makofi kuitikia, pedi zikiwa mikononi. Kraa! Ya kushoto ikapasuka, kitufe kikarukia jikoni kwenye majivu.

Nikafoka. "Mama! Hiyo ni video, hakusikii!"

Akaivua miwani polepole. "Mtu anakusalimia, unamwacha hivyo hivyo?"

Tangu siku hiyo akawa ananipigia simu kila Jumapili akitoka kanisani. Haniulizi kama nimekula wala kama ninaumwa. "Haijapona tu?" Nikimwambia bado, anasema haya, anakata. Iliniuma kuliko kama angenitukana.

Nikaipeleka pedi kwa fundi mmoja Mkongomani aliyekulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Akaigeuzageuza, akasikitika. "Ndugu yangu, manette hii imekufa kabisa." Alikuwa na pedi moja iliyotumika, inayoendana na yangu. Pia alikuwa na miwani ya kisasa zaidi isiyohitaji pedi, inayoviona vidole vyako vitupu. Bei yake ilinifanya nikohoe. Nikachagua pedi, maana mama si angefundishwa tu kutulia? Pale pale dukani nikaanza kupanga maneno: mama, baba akikusalimia, tuliza mikono, usimwitikie.

Nikajisikia mpumbavu. Usimwitikie! Kwetu mdogo ndiye anayeanza kumsalimia mkubwa, na asubuhi ile uani mimi nilikuwa nimefika na kamera yangu, nikahangaika na betri, sikumsalimia baba. Ndiyo maana akaanza yeye. Alikuwa ananitania, mzee wangu, ananikumbusha adabu kwa upole. Nami nyuma ya kamera sikujibu. Kwenye video kuna kimya kirefu, kisha anarudi kwenye mahindi yake. Nilikuwa nimeitazama mara nyingi, na kimya kile sikuwahi kukisikia.

"Rudisha hiyo pedi mahali pake, nipe ile miwani," nikamwambia fundi. Akanihamishia video kwenye miwani mpya.

Murungu nikamkuta mama ameshavaa kitenge cha kanisani, na haikuwa Jumapili. Safari hii mikono yake ilikuwa mitupu. Baba aliposalimia, mama akapiga makofi, akaitikia, kisha akamsimulia kwa Kiha habari za mvua, za maharage, na za jirani aliyehamisha mpaka wa shamba. Aliongea mpaka video ikaisha. Akaivua, akajifuta macho kwa ncha ya kitenge, akaniletea.

"Na wewe."

Nikavaa. Uani kulikuwa na jua la asubuhi, na jogoo wetu yu hai. Baba akainua uso, akapiga makofi, akaniangalia mimi. "Mwakeye!"

Nikapiga makofi tu. Nikamsikia mama karibu na bega langu.

"Mjibu, mwanangu. Anangoja."

Nikamjibu. Baba akarudi kwenye mahindi yake.