Nyumba Asimolala Mtu

Mwaka ule mgodi ulipotangaza kwamba utapanua eneo lake, kijiji chetu wilayani Tarime kilijaa nyumba kama uyoga baada ya mvua. Tuliziita nyumba za kutegesha. Mtu akisikia shamba lake litachukuliwa na kulipwa fidia, alisimamisha upesi vyumba vya miti na tope, akaezeka mabati, ili mthamini akija akute nyumba badala ya mihogo. Hakuna aliyelala humo.

Rafiki yangu alitegesha. Shamba lake na letu yalitenganishwa na mstari wa mkonge, na tulikuwa tumebatizwa siku moja. Alikuwa na mchumba kule Kisaka, ng'ambo ya mto, na baba wa binti alitaka ng'ombe ambao rafiki yangu hakuwa nao. Fidia ingewaleta.

Mimi sikuwa na mchumba wala ng'ombe, ila nilikuwa nimeshakata miti ya kujengea. Nilipomwomba mama ruhusa, hakuacha hata kupepeta mtama.

"Kwenye shamba la baba yako, nyumba ya uongo haijengwi."

"Mama, kijiji kizima kinajenga. Hata wazee wa kanisa."

"Basi nenda ukawe mtoto wa hao wazee."

Nilitii. Ile miti ikaliwa na mchwa nyuma ya jiko, na kila asubuhi nikasikia nyundo upande wa pili wa mkonge. Rafiki yangu alifanya kazi akiimba. Siku alipomaliza kuezeka aliniita nikaone.

"Mura, kijana mwenzangu, mbona uso umekunja? Karibu ikulu!"

"Na dhambi je?"

"Mambo ya mababu hayo. Siku hizi hata Mungu anajua mgodi ni mgodi."

Nikacheka naye. Moyoni nilitamani upepo ung'oe yale mabati, moja baada ya jingine, mbele ya macho yangu.

Mthamini alikuja Jumanne, pamoja na mwenyekiti wa kitongoji. Utaratibu ulikuwa kwamba jirani wa mpaka asimame shahidi na kutia saini. Majirani wengi walisaini huku wakitazama pembeni, kwa sababu kesho yake jirani huyo angewasainia wao. Mimi sikuwa na cha kusainiwa.

Tuliingia ndani. Rafiki yangu alikuwa ameweka kitanda, sufuria, na mafiga matatu yenye majivu kati yake. Nimezoea kuangalia vitu kabla ya watu. Majivu yalikuwepo, lakini mabati juu yake yalimeta; hapakuwa na alama hata moja ya moshi.

"Nani anaishi humu?" mthamini aliniuliza.

Rafiki yangu alinitazama. Hakukonyeza wala kutikisa kichwa.

"Hakuna," nikasema. "Majivu yametoka jikoni kwa mama yake."

Nyumba ikakatwa kwenye fomu. Jumapili mchungaji akanisimamisha mbele ya kanisa, akasema kijiji kina kijana mmoja aliyesimama katika kweli. Watu wakapiga makofi, wakiwemo waliotegesha. Rafiki yangu alikuwa amekaa benchi la nyuma. Ibada ilipokwisha alinisubiri nje.

"Umeishika ile ya usishuhudie uongo," alisema. "Hongera. Inayofuata hukuisoma?"

Niliijua. Usiitamani nyumba ya jirani yako. Akaenda zake.

Wiki kadhaa hatukusalimiana. Habari zilivuka mto kwamba baba wa binti amempatia binti yake mchumba mwingine, mwenye mashimo ya dhahabu. Nilipozisikia, kabla sijasikitika, nilifurahi. Kwa muda mfupi tu, lakini nilifurahi, na sijawahi kuungama hilo kanisani.

Kisha akaja nyumbani asubuhi, amevaa shati la ibada. Alimwamkia mama shikamoo, akanigeukia.

"Twende Kisaka."

"Kufanya nini?"

"Nina ng'ombe wawili wa mjomba. Nitaomba nitoe hao kwanza. Mzee yule hataniamini mimi. Wewe wanajua husemi uongo, maana habari zako zimefika hadi kule. Bila wewe binti anaondoka Jumamosi."

Tulikwenda. Yule mzee alitusikiliza hadi mwisho, kisha akanielekezea fimbo.

"Wewe uliyemchoma kwa mthamini. Huyu ni mtu wa kweli?"

Ningeweza kusema ndiyo na kunyamaza.

"Shikamoo tena, baba. Alijenga nyumba moja ya uongo," nikasema. "Alijenga kwa ajili ya binti yako. Mimi nilisema kweli kwa sababu nilimwonea wivu. Mengine yote ninayoyajua juu yake ni mazuri."

Mzee alicheka hadi akakohoa. Akasema mwenye mashimo hajawahi kuleta mtu wa kumsema vibaya na vizuri kwa pumzi moja. Akapokea wale ng'ombe wawili.

Binti alituletea togwa. Alinipa kibuyu kwa heshima, macho chini. Alipompa rafiki yangu aliinua macho, na hakuyateremsha upesi.

Ningali naamini mama alikuwa sahihi, na wanangu nimewalea hivyo hivyo. Lakini njiani kurudi rafiki yangu alinishukuru mara tatu, bila kinyongo chochote, kana kwamba kusamehe ni kazi nyepesi. Nilitembea nyuma yake hadi mtoni, na hilo nalo nikamwonea wivu.